Picha ya Tano

Jaffari wa Bulyaga si msimuliaji. Ukimuuliza habari ya lile kovu la kichwani, atakwambia aliteleza kwenye ngazi akiwa kazini, halafu atakuuliza kama unanunua chaja au umekuja kupoteza muda. Ni uongo, lakini namsamehe. Mama yake, Bi Kuruthumu, tunapakana ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyenieleza haya huku akichagua mchele, sauti yake haipandi wala haishuki. Mengine nimeyaona mwenyewe. Asiyeamini mambo ya namna hii ana hiari yake, ila asije kunibishia. Mimi nasimulia tu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mvua ilikuwa imepumzika, kitu ambacho sisi wa Tukuyu hatukipati mara kwa mara, na Mlima Rungwe ulikuwa umejitoa kwenye mawingu mpaka kileleni. Jaffari alikuwa dukani akipanga redio za Kichina. Zilikuwa zama za biashara huria: mwenye kuagiza anaagiza, mwenye kuuza anauza, na waliopata walikuwa wamepata kwelikweli. Wakipata wanajenga. Wakijenga wanazungusha ukuta. Wakishazungusha ukuta wanaanza kuwaogopa walio nje, na hapo ndipo Jaffari alipoiona riziki yake. Alikwenda Dar akajifunza kufunga kamera za ulinzi, hizi zinazotumia waya wa mtandao, akarudi akiwa hana mshindani mji mzima.

Basi akaingia mwanamke aliyevaa sweta zito na kitenge kipya, viatu vina tope la shamba. Aliangalia nyuma kabla ya kusema.

"Fundi, nataka kamera. Nyumba yote ionekane, pande zote."

"Nyumba iko wapi, mama?"

"Lufingo. Kwa Ambindwile. Mimi ni mkewe, Tulinagwe."

Jaffari akaiweka redio chini taratibu. Sasa lazima nikwambie kwa nini.

Jaffari alikuwa na kaka yake, Yussuph, mwashi. Mwashi haswa, ukuta wake ukiutazama unaona aibu kuuegemea. Kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa nusu, kwa kuwa mashine ya kukatia vigae ilikula nusu nyingine. Miaka michache nyuma Yussuph alikwenda Lufingo kumjengea Mzee Ambindwile ukuta wa kuzunguka nyumba. Ukuta ukaisha. Yussuph hakurudi. Walipokwenda kuuliza, Ambindwile aliwakaribisha chai, akasema kijana alimaliza kazi, akachukua begi lake, akaelekea Tunduma. Tunduma wakaenda. Wakavuka hata ng'ambo, Zambia. Hakuna aliyemwona.

Watu walimshauri Bi Kuruthumu amsomee mwanawe hitima, roho yake itulie. Alikataa kata kata. "Simsomei hitima mtu ambaye sijaona hata ukucha wake," alisema. "Nileteeni mwanangu, mzima au mfupa. Nimuone anaoshwa, nimuone analazwa. Baada ya hapo nitalia." Na kweli, tangu siku ile hakuwa amelia. Mama asiyelia anatisha kuliko anayelia, na Jaffari aliishi naye nyumba moja. Kila akitoka kwenda kazini mbali, mama alimwambia neno lilelile: huko unakokwenda, mwangalie kaka yako.

Kwa hiyo mwanamke alipotaja Lufingo, Jaffari hakufikiria faida. Alifikiria kwamba ataingia ndani ya ule ukuta.

"Kwani kuna wizi, mama?" aliuliza.

Tulinagwe alitikisa kichwa. Kwa Ambindwile hakuibiwi, na wilaya nzima inajua. Mwizi mmoja aliwahi kuingia, asubuhi wakamkuta anaizunguka nyumba, mkungu wa ndizi kichwani, macho wazi, nyayo zinatoka damu, haoni lango lililokuwa mbele ya pua yake. Watu walisema nyumba ile imezindikwa, na mganga aliyeizindika hakutumia kuku.

"Kuna mtu anazunguka," Tulinagwe alinong'ona. "Mchana kweupe. Nasikia nyayo zinapita dirishani, nikichungulia hakuna. Mbwa wanaingia chini ya kitanda. Mume wangu nimemwambia, ananijibu nisiulize. Sasa amekwenda Kyela kwenye mpunga. Nataka nijue kabla hajarudi."

Kesho yake asubuhi Jaffari alikuwa Lufingo na bunda lake la waya. Lango lilifunguliwa na mzee wa makamo, Meshaki, mtunza shamba wa pale. "Ugonile, fundi," akasalimu. Jaffari akaitikia, kisha, katika kusaidiana kushusha ngazi, akamuuliza kama anamkumbuka mwashi aliyejenga ukuta ule, mwenye kidole nusu.

Meshaki aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Waashi walikuwa wengi," alisema.

Kazi ilikwenda. Kamera moja langoni, moja uani, moja kwenye banda la ng'ombe, moja upande wa migomba. Waya zote akazivuta mpaka sebuleni, akazichomeka kwenye swichi, kile kisanduku cha kukusanyia waya za mtandao, na swichi akaiunganisha na mashine ya kurekodia na kioo. Tulinagwe alimfuata kila hatua kama mtu asiyetaka kuachwa peke yake. Aliuliza umeme wa kamera unapita wapi, mbona anaona waya mmoja tu.

"Huohuo mmoja," Jaffari alimjibu, akiona raha kuulizwa. "Waya huu unapeleka umeme, na waya huuhuu unarudisha picha. Kilichoko mwisho wa waya ukikipa umeme kinaanza kuona. Na kikiona, na wewe unaona."

"Chochote?"

"Kamera, mama. Si chochote."

Kilichobaki kilikuwa ethi, waya wa kuushusha umeme wa radi ardhini. Sisi na radi hapa Rungwe tumezoeana vibaya, na waya mrefu ulioko nje bila ethi ni kuikaribisha radi sebuleni. Mafundi wa umeme wana utaratibu wao wa zamani. Nondo ya ethi hutafutiwa udongo laini na wenye unyevu. Unachimba kishimo, unamwaga mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, unamimina maji, ndipo unaipigilia nondo katikati. Chumvi na mkaa vinausaidia udongo kuupokea umeme. Wamefanya hivyo tangu enzi za mkoloni na hakuna aliyekufa.

Alitafuta udongo laini akaupata pembeni mwa nyumba, katikati ya shina moja kubwa la migomba, karibu na ukuta. Migomba ile ilinenepa kuliko mingine yote. Lakini mikungu yake ilikuwa imeivia juu na kuozea juu, nzi wamejaa, hakuna aliyeikata.

"Hapo hatulimi," alisema Meshaki kwa mbali. Hakusogea.

"Kwa nini?"

"Mwenyewe hataki."

Hapo ndipo Jaffari angesimama akauliza vizuri. Lakini fundi akishaona udongo laini, masikio yanaziba. Alichimba kishimo chake, akamwaga mkaa, akamwaga chumvi. Tulinagwe alikuwa amesimama mlangoni amejikunyata.

"Unazindika, fundi?"

"Ningejua kuzindika, mama, ningekuwa nauza chaja mpaka leo?"

Tulinagwe alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya mwisho mtu kucheka katika nyumba ile.

Jaffari akachukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza, nondo ikazama upesi mno. La pili, ikakwama kwenye kitu kigumu. Alidhani jiwe. Akavuta pumzi, akapiga kwa nguvu zote, na lile gumu likaachia, nondo ikateremka polepole kama kisu kwenye gimbi lililoiva. Harufu ikapanda. Haikuwa ya mzoga. Ilikuwa ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Ndani ya nyumba mbwa walianza kulia, wote kwa pamoja, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Akafunga waya wa ethi kwenye nondo, akazungushia utepe wake mwekundu ambao huzungushia kazi zake zote, akaingia ndani kuwasha.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Ukungu wetu unaujua, au kama huujui basi hujafika: alasiri tu, jua bado liko juu, na huoni jirani anayekuita. Jaffari aliwasha mashine. Kioo kikajigawa vyumba tisa, na vyumba vinne vikapata picha. Lango. Ua. Banda la ng'ombe. Migomba. Zote safi. Tulinagwe akashusha pumzi.

Kisha chumba cha tano kikawaka.

Jaffari aliangalia swichi. Waya za kamera zilikuwa nne. Alizihesabu kwa kidole. Nne. Akatazama tena kioo. Picha ya tano ilikuwa ya kijani na giza, haitulii. Ilimchukua muda kuelewa anachotazama. Yalikuwa majani ya mgomba. Yanaonekana kutoka chini. Kama vile mtu amelala chali akatazama juu.

"Hii umeifunga wapi?" Tulinagwe aliuliza.

"Sijaifunga."

Aliuvuta waya wa lango. Picha ya lango ikazima. Akauvuta wa ua, wa banda, wa migomba. Zikazima moja moja. Ya tano ikabaki. Katikati yake kulikuwa na kitu kirefu cheusi kinachoshuka kutoka juu hadi machoni mwa anayetazama. Juu yake kulikuwa na utepe mwekundu.

Picha ikafifia, ikaingia ukungu. Si ukungu wa nje. Ulikuwa mvuke unaokuja na kurudi, unakuja na kurudi, jinsi kioo kinavyofanya ukikipulizia. Kitu kilikuwa kinapumua mbele ya picha.

Kisha mkono ukapita. Mkono wenye udongo, ukafuta picha kutoka kushoto kwenda kulia, kama unavyofuta tope usoni. Vidole vilipita polepole, kimoja kimoja. Kidole cha pete kilikuwa nusu.

Jaffari hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Kaka," akalisema taratibu, kama mtu anayemwamsha mtu. Halafu akakaa sakafuni. Miaka yote ile alikuwa akijiandaa kusikia Yussuph amekufa. Hakujiandaa kujua kwamba yeye, mdogo wake, mtoto wa tumbo moja, ndiye aliyempigilia nondo.

Nje, honi ya gari ikalia langoni.

Mzee Ambindwile alikuwa amerudi kabla ya siku yake. Jaffari alisikia lango likifunguliwa, akasikia mlango wa gari, akasikia salamu ya Meshaki ikikosa jibu. Halafu nyayo zikielekea upande wa migomba. Zikasimama.

"Nani amemwaga chumvi hapa?"

Hakupaza sauti. Tulinagwe alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote yaliyofuata, kwamba mume wake, mtu wa kufoka hata kwa chai iliyopoa, aliuliza kwa sauti ya mgonjwa. Meshaki alijibu kitu. Likasikika pigo, mfupa ukilia, na Meshaki akianguka. Halafu pigo jingine. Halafu la tatu, na lile halikuwa na sababu kwa maana Meshaki alikuwa hasemi tena.

Ambindwile akaingia sebuleni, panga mkononi, shati lina matone. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye kioo. Aliiona picha ya tano. Akaitazama kama mtu anayetazama ndugu anayemdai uhai.

"Umefanya nini, mwanamke," alimwambia mkewe.

"Fundi ni wangu," Tulinagwe alisema. "Nilimwita mimi. Ambindwile, huyo aliyeko chini ya mgomba ni nani?"

Alimpiga kwa ubapa wa panga. Tulinagwe akaenda na meza, kioo kikayumba kisianguke. Kisha Ambindwile akamgeukia Jaffari.

"Wewe mtoto wa nani?"

Mtu mwingine angedanganya. Jaffari alikuwa amekwisha kuchoka kuogopa. "Wa Bi Kuruthumu wa Bulyaga," alisema. "Yussuph ni kaka yangu. Ulitupa chai ukatuambia yuko Tunduma."

Na Mungu anisamehe, nasema kama nilivyoambiwa: uso wa Ambindwile ukapata nafuu. "Chumvi imemfungua," alisema. "Aliyefunguliwa lazima pengo lake lizibwe na mwingine, na mganga aliniambia damu ileile ndiyo inayoshika. Basi sitahangaika."

Jaffari aliruka kuuelekea mlango. Panga likamkuta kichwani, upande wa juu ya sikio. Hakusikia maumivu, alisikia joto likishuka shingoni. Akatambaa. Ambindwile akamkanyaga mgongoni, akamshika mguu, akamburuta nje. Kizingiti kikamchuna kidevu. Ngazi zikamvunja jino. Ukungu ulikuwa umefunika ua wote, mweupe, na katika ule weupe aliupita mkono wa Meshaki umelala peke yake kwenye majani, mwili ukiwa hatua mbili mbele.

Akabwagwa kwenye tope. Alikuwa chali. Damu imejaa jicho moja. Kwa jicho la pili alitazama juu.

Aliona majani ya mgomba. Yanaonekana kutoka chini. Aliona nondo, na utepe mwekundu.

Alikuwa amelala ndani ya ile picha.

Ambindwile alisimama juu yake akihema. Alilichomeka panga kwenye mgomba, akashika nondo kwa mikono miwili, kwa sababu chuma lazima kitoke kabla mwingine hajaingia. Akavuta. Haikutoka. Akatanua miguu, akavuta kama anang'oa muhogo. Nondo ikapanda kidogo. Udongo uliozunguka ukapasuka. Jaffari, shavu lake liko kwenye tope, aliona kilichoizuia nondo.

Vidole. Vimeizunguka nondo chini kabisa, vimekaza. Kimoja nusu.

Ambindwile aliviona pia. Alitaka kuachia. Nadhani alitaka sana. Lakini mkono wa pili ulikuwa umekwisha kutoka kwenye udongo ukamshika kifundo cha mkono.

Hapakuwa na kelele. Hilo Jaffari amelirudia mara nyingi kwa mama yake. Nondo ilivutwa chini, na Ambindwile akainama nayo. Ikavutwa tena. Akapiga magoti. Alikuwa mtu mzito, mbeba magunia wa zamani, na misuli ya shingo ilimsimama. Ikavutwa tena. Uso wake ukafika kwenye ncha. Alisema kwa kunong'ona, "Yussuph, mwanangu, tuongee." Ncha ikaingia chini ya kidevu. Ikavutwa tena.

Ikatokea kisogoni.

Miguu yake ilichezacheza kwenye chumvi kwa muda mrefu. Halafu ikaacha. Na Jaffari akahisi pumzi ya baridi ikipita sikioni mwake, pale palipochanika, baridi kama maji ya Kiwira. Damu ikaacha kutoka. Akapoteza fahamu.

Ndani, Tulinagwe alikuwa ameyaona yote kwenye picha ya tano. Aliuona uso wa mumewe ukishuka. Ukawa karibu. Ukawa karibu zaidi. Ukajaza chumba kizima cha kioo, mdomo wazi. Picha ikawa nyekundu, kisha kioo chote kikazima. Ndipo alipotoka akakimbilia barabarani akiwaita watu.

Jaffari alishonwa hospitali ya Igogwe. Polisi walifukua siku iliyofuata, na nusu ya Lufingo ilikuwa juu ya ukuta inatazama. Yussuph alikuwa amezikwa wima. Amesimama, uso umeinuliwa juu, amefungwa shuka jekundu kama mlinzi aliyewekwa lindo. Nondo ilikuwa imepita begani. Mikono yote miwili ilikuwa imeishika, na ilibidi watu wawili waifungue kidole kimoja kimoja. Mdomoni, likiwa limepitishwa kwenye midomo ya juu na ya chini, kulikuwa na kufuli. Kufuli dogo la shaba, la kufungia sanduku. Lilifungwa akiwa hai. Daktari alisema hivyo, akaomba asiulizwe zaidi.

Walimleta Bulyaga. Nilikuwa nimemshika mkono Bi Kuruthumu mwili ulipoingizwa. Aliangalia ule mkono wa kushoto, akakigusa kidole nusu, akaitikia kwa kichwa. Wanaume walitaka kuanza josho. Akawazuia.

"Hataoshwa amefungwa mdomo," alisema. "Jaffari. Leta koleo lako."

Jaffari, kichwa kimezungushiwa bandeji, alilikata kufuli kwa koleo la kukatia waya. Lilipoachia, mimi nilihisi baridi usoni, na kioo cha kabati mle chumbani kikaingia mvuke kuanzia chini mpaka juu. Nimesema nitasimulia niliyoyaona. Nililiona hilo. Kisha Bi Kuruthumu akalia, kilio cha miaka yote kwa pamoja, na sisi wote tukalia naye.

Tukamzika kiislamu, amelala, kaelekea kibla, kama inavyotakiwa. Hitima ikasomwa. Vipande vya kufuli Jaffari alikwenda kuvitupa mwenyewe Mto Kiwira, kwenye maji mengi. Meshaki naye alizikwa na ndugu zake. Polisi walikagua ile mashine ya kurekodia, wakakuta picha nne tu, zote za ukungu, wakaandika kwamba Ambindwile aliangukia nondo. Tulinagwe alirudi kwao. Nyumba ile ipo mpaka leo, haina mtu, na ukuta wake haujapata hata ufa mmoja. Alijenga vizuri, marehemu.

Ningependa kuishia hapo. Mama alipata alichokitaka na mwana alipata kaburi.

Lakini Jaffari aligundua kitu dukani. Ana kioo kimoja cha kujaribia kamera, na siku moja hakikuwa na waya wowote zaidi ya wa umeme. Chumba kimoja kikawaka chenyewe. Haikuwa migomba. Ulikuwa ua wa kwao. Mama yake ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi, anaonekana kutoka mlangoni, kwa urefu wa mtu aliyesimama. Picha ilikuwa imetulia kabisa. Jaffari akakizima kioo, akakigeuza kikaangalia ukuta, na hakumwambia mtu kwa siku nyingi.

Kisha likaja suala la chumba. Jaffari alitaka chumba cha Yussuph akiweke mizigo ya duka, kwa kuwa bidhaa zimemjaa mpaka sebuleni. Mama hakutaka. Wakavutana maneno, saa sita mchana, mimi niko upande wangu naanika nguo na nasikia kila kitu. Jaffari si mkorofi, ila alikuwa amechoka, akapandisha sauti.

"Marehemu hatumii kitanda, mama! Mpaka lini?"

Bi Kuruthumu hakumjibu yeye. Alitazama nyuma ya bega la Jaffari, mlangoni, ambako hapakuwa na mtu. Akasema taratibu, kama anavyosema akichagua mchele:

"Mwache, Yussuph. Ni mdogo wako."

Jaffari alihisi baridi ikimpita shingoni. Hakugeuka. Alimwomba mama yake radhi kwa sauti ya chini, mara moja, kisha mara ya pili.

Na chumba hakikuguswa. Yussuph alifundishwa kulinda akiwa hai bado anapumua udongo, na sisi tulimwosha, tukamlaza, tukamsomea, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwambia kwamba lindo limekwisha. Sijui angeambiwa na nani. Sijui kama angekubali.

Asubuhi iliyofuata Jaffari alifungua duka. Kwa ndani palikuwa kavu na safi kama alivyopaacha, isipokuwa juu ya meza ya kazi, mahali anapoweka koleo, palikuwa na maji na mchanga wa mtoni. Katikati ya maji yale lilikuwa lile kufuli la shaba. Zima, halina hata alama ya kukatwa.

Lilikuwa wazi, linasubiri mdomo.